Tumuulize Waziwazi, na Turudi Siku Tuliyoahidi

Hotuba ya kamati ndogo ya afya, iliyosomwa Bwera siku ya kumbukumbu, mbele ya wakimbizi, wenyeji na watumishi wa mashirika



Leo tumerudi mahali tulipoingilia. Wengi wetu tulivuka daraja la Mpondwe na godoro moja kwa watu sita, na watu wa hapa ndio waliotupa maji ya kwanza. Hawakuhitaji kuelezwa maana ya kukimbia. Novemba 1996 waasi wa ADF walipoingia Mpondwe na Bwera, wenyeji hawa nao walibeba vyungu vyao kichwani wakatafuta pa kulala. Kwa hiyo tunaposema juu ya watu waliolemewa na moyo, hatusemi habari za wakimbizi peke yao.

Tumeombwa tuzungumze juu ya wagonjwa wa akili. Jambo hilo ni pana, nasi tumechagua sehemu moja, ile ambayo sote tunaikwepa: mtu anayetaka kujiua, na namna ya kumtambua angali mzima. Tumeichagua kwa sababu ya kijana mmoja.

Alikuwa fundi wa baiskeli katika bloku yetu, umri miaka 22. Alipelekwa hospitali moja ambayo hatutaitaja, akakaa siku tisa, akarudishwa na gari. Mkononi alikuwa na karatasi yenye visanduku, na kisanduku kimoja kilikuwa na alama: hatari ndogo. Tulifurahi sana. Mwenyekiti wa RWC alidhani sisi wa afya tutakwenda kumtazama. Sisi tulidhani kanisa lake litakwenda. Kanisa liliona karatasi likadhani amepona. Siku ya kumi na moja tuliitwa kuchimba kaburi.

Hatutaeleza alivyokufa, na tumeliomba jarida lisiandike. Habari za namna hiyo zikielezwa sana, mwingine aliye katika hali ileile huzichukua kama njia. Tunaloweza kueleza ni makosa yetu, na haya ni yetu, si ya hospitali. Karatasi ilituambia neno moja, nasi tukalala juu ya neno hilo.

Baada ya msiba huo tulianza kuuliza wataalamu: je, mtu anaweza kupimwa kama anavyopimwa malaria, ukajua nani atajiua na nani hatajiua? Jibu lilitushangaza. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 365 zilizofanywa katika miaka 50, wakaona kwamba dalili zote tunazozihesabu, moja moja, hutabiri kifo cha namna hii vizuri kidogo tu kuliko kubahatisha. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa mwongozo wa matibabu, NICE, iliwaandikia waganga wake wasitumie fomu za alama kutabiri nani atajiua, wala kuamua kwa fomu hizo nani apate huduma na nani arudishwe nyumbani. Sababu ni rahisi kuielewa. Nia ya kufa hupanda na kushuka. Mtu anaweza kuwa mtulivu asubuhi mbele ya daktari, na jioni, baada ya kugombana na mkewe au kukuta jina lake limefutwa katika orodha ya posho, akawa mtu mwingine. Karatasi imepima asubuhi tu.

Je, fomu itupwe? Hapana. Fomu inamkumbusha muuguzi aliyechoka asisahau kuuliza. Lakini yule kijana hakuhitaji alama. Alihitaji mtu wa kumwuliza, halafu mtu huyohuyo arudi kumwuliza tena.

Hapo kwenye kuuliza ndipo tunapoogopa. Wazee wengi walituambia: ukimtajia mtu jambo hilo, umemwonyesha njia. Sisi pia tuliamini hivyo. Lakini jambo hili limechunguzwa sana, na Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu wake kwamba kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Wazo kama lipo, lilikuwapo kabla yako. Mara nyingi anayeulizwa hupumua, kwa sababu amekuwa akilibeba peke yake.

Mzee mmoja katika kamati yetu alijaribu. Alikwenda kwa mama mmoja mjane ambaye kila mtu alisema ni "mawazo mengi" tu. Akakaa chini, akauliza habari za usingizi, habari za watoto, kisha akasema: "Mama, mtu akichoka namna hii, mara nyingine anatamani alale asiamke. Wewe je?" Mama akanyamaza. Mzee naye akanyamaza, na tunasema wazi kwamba kunyamaza huko ndiko kulikuwa kazi kubwa kuliko swali. Kisha mama akasema, "Kila usiku." Mzee akauliza kama amefikiri kujiua, kwa neno hilohilo. Akauliza kama amekwisha panga namna, kama kile anachofikiria kimo nyumbani, kama amepata kujaribu zamani. Mwisho akauliza ni nini kilichomzuia jana. Mama alijibu kwamba binti yake mdogo huamka usiku kuomba maji. Basi tukajua mambo mawili kwa mara moja: hatari ni kubwa, na kamba inayomshikilia ni mtoto yule.

Maswali ni hayo. Hayahitaji shahada, wala hayapaswi kusomwa haraka kama orodha ya mgao. Anayejibu kwamba ana njia tayari, kitu kipo karibu na siku ameiweka, huyo haachwi peke yake hata dakika moja. Aliyekwisha jaribu zamani achukuliwe kwa uzito kuliko wote. Wako watu wanaosema, "Huyo anatafuta kuonewa huruma tu, mara ya kwanza hakufa." Neno hilo tunaomba life katika kambi yetu. Aliyejaribu mara moja yuko karibu na kifo kuliko jirani yake ambaye hajajaribu kamwe.

Sasa tuseme juu ya lugha, na hapa tunawaomba watumishi wa mashirika watusikilize kwa makini.

Mnande wa Beni akifika hapa Bwera huzungumza na muuguzi Mkonzo bila mkalimani, maana lugha zao ni kama lugha moja iliyokatwa na mpaka. Mlendu au Mhema wa Ituri hana bahati hiyo. Yeye atatumia Kiswahili, tena Kiswahili cha kwetu Kongo, na mkalimani atakigeuza kuwa Kiingereza kwa ajili ya daktari. Njiani mambo hupotea. Mtu mmoja alisema, "Roho inaniuma." Mkalimani akasema kwa Kiingereza kwamba moyo wake unauma, na yule bwana akarudi na dawa ya kifua. Tulicheka baadaye, lakini siku ile hakuna aliyemwuliza neno alilokwenda kusema.

Kibaya zaidi ni swali la kukanusha. Mhudumu anauliza: "Huna mawazo ya kujiua?" Mgonjwa anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili amekubaliana na wewe: ni kweli, sina. Mgeni anaandika: ndiyo, anayo. Mgonjwa mwingine anajibu "Hapana," na hapo hata sisi wenyewe hatujui amekana nini. Tena swali la namna hiyo linamwambia mgonjwa jibu unalolitaka. Mtu mwenye adabu hatakuvunja moyo. Atakupa hilo ulilolitaka, atainuka na kwenda zake. Ulizeni hivi: "Una mawazo ya kujiua?" Na akijibu, mwulizeni aeleze kwa maneno yake.

Mkalimani asiwe mtoto wa mgonjwa. Asiwe jirani wa bloku moja, wala mume, kama mume ndiye anayempiga. Na mkalimani naye aambiwe kabla ya kuingia kwamba neno gumu litatajwa na lazima alitaje. Tumeona wakalimani wema wakiona haya, wakageuza "kujiua" kuwa "kuhuzunika sana". Hawakuwa na nia mbaya.

Zipo dalili ambazo vitabu vya kigeni haviziandiki, kwa sababu waandishi wake hawajaishi kambini. Mtu anampa dada yake kadi ya posho na kusema "itunze wewe". Anarudisha jembe na sufuria alizoazima, zote kwa siku moja. Analipa deni dogo ambalo hata mdai alikwisha lisahau. Haulizi tena habari za mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, yeye ambaye alikuwa wa kwanza kwenye ubao wa matangazo. Au amekuwa na ghasia kwa majuma, ghafla ametulia na kutabasamu, na sisi tunashukuru Mungu kabla ya kumwuliza amepata nini. Pombe ikiongezwa juu ya hayo, hasa waragi kwa vijana, hatari hupanda haraka. Na anayesikia sauti zisizo na mtu, zikimwamuru ajidhuru, apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo. Hilo si la kungojea maombi ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili. Maombi yaende naye ndani ya gari.

Huzuni yenyewe si ugonjwa. Hapa Bwera, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe wakaua watu zaidi ya 40, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Wazazi walisimama nje ya hospitali ya Bwera wakitafuta watoto wao. Huko Kasese mjini, Novemba 2016, watu zaidi ya mia moja walikufa katika mapigano ya kasri la mfalme wa Rwenzururu. Mzazi wa namna hiyo akilia mwaka mzima, analia kwa haki yake. Msimpeleke kupewa vidonge kwa sababu analia. Lakini aliyenusurika anapoanza kusema "mimi ndiye niliyepaswa kufa", au "namfuata", hapo kaeni naye na mwulize. Sisi tuliotoka Beni na Irumu tunayajua maneno hayo. Tumeyasema.

Njaa nayo ina sehemu yake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na mgao wa chakula ukapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili, UNHCR ilieleza kwamba majaribio ya kujiua katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda yaliongezeka. Tunalisema hili mbele ya wageni wetu bila hasira. Mnapokata mgao, ongezeni watu wa kutembelea nyumba.

Mtu akikwisha kusema kweli, afanyiwe nini? Jambo la kwanza ni kuondoa karibu naye kile anachoweza kukitumia. Nia kali mara nyingi hupita kwa saa chache. Mtu asipokuta kitu mkononi katika saa hizo, wengi hubaki hai na hawatafuti njia nyingine. Nchi ya Sri Lanka ilipoanza kupiga marufuku dawa kali za mashamba, hasa tangu mwaka 1995, watu waliokufa kwa kujiua walipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, na mashamba yaliendelea kuzaa. Kasese ni wilaya ya pamba, kahawa na nyanya, na dawa za kunyunyiza huwekwa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Tunaomba ziwekwe pamoja kwenye sanduku lenye kufuli, nyumba ya mtu mwingine. Vidonge vya hospitali vitolewe vya juma moja moja, na ndugu avitunze.

La pili ni kumfikisha kwa mhudumu. Madaktari bingwa wa akili katika Uganda nzima ni wachache kuliko wilaya zake. Hospitali ya Butabika iko Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Kwa hiyo msingoje daktari bingwa. Anayefanya kazi hii katika wilaya ni ofisa kliniki wa akili au muuguzi wa akili, na wa VHT ndiye anayejua njia ya kumfikia. Kutoka Bwera hadi Kasese ni kilomita 50 hivi. Mgonjwa asafiri na watu wawili, mmoja kila upande, na wasimwache peke yake hata stendi wakitafuta chai.

Hapa hutokea woga wa polisi. Kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinachohesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kimewafanya watu wengi wafiche wagonjwa wao. Mwaka 2018 Uganda ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili badala ya ile ya zamani, na huko Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Sisi si wanasheria. Tulichofanya ni kukubaliana na mwenyekiti wetu wa RWC na askari wa kituo kwamba mgonjwa apelekwe kwanza hospitali. Askari alikubali upesi kuliko tulivyodhani. Alisema naye alimzika kaka yake.

Hata mazishi yanahusika. Waandishi waliochunguza desturi za Busoga na Buganda walieleza kwamba zamani mti alikofia mtu wa namna hiyo ulikatwa na kuchomwa. Kwetu pia tumeona watu wakikataa kulia, wakikataa kula matanga. Yule fundi wa baiskeli alizikwa haraka, na mama yake hakuletewa hata kuni. Aibu ile ilimwangukia yeye na wadogo zake wanne. Ndugu wachungaji na mashehe, tunawaomba mkae na sisi juu ya jambo hili, maana tusipomlilia aliyekufa, aliye hai ambaye anafikiria jambo lilelile hatatuambia.

La tatu ni lile lililotushinda sisi: kurudi. Majuma ya kwanza baada ya mgonjwa kutoka hospitali ya akili ndiyo yenye hatari kubwa kuliko mengine yote. Sisi tuliona gari limemleta, tukadhani safari imekwisha.

Kurudi si jambo la gharama. Shirika la Afya Duniani lilijaribu katika miji ya nchi tano, Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 walioletwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu yao walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walikalishwa saa moja, wakaelezwa mambo kama haya, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara chache katika miezi 18. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Katika kundi la kwanza waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2, katika kundi lililotembelewa asilimia 0.2. Hakuna dawa mpya iliyotumika.

Kabla ya hapo, mjini San Francisco, daktari Jerome Motto aliwaandikia barua fupi watu waliotoka hospitali na kukataa matibabu zaidi. Barua hazikuwaambia wameze dawa wala wajaze kitu. Zilisema tu kwamba wanakumbukwa, na kama wanataka kuandika, watajibiwa. Aliendelea miaka mitano kwa kila mmoja, na katika miaka miwili ya kwanza waliopata barua walikufa wachache kuliko wasiopata. Sisi hatukushangaa. Waliokaa kambini zamani wanakumbuka karatasi za Msalaba Mwekundu, zile zenye maneno machache ya habari za nyumbani, ambazo mtu alizikunja akatembea nazo mfukoni mpaka zikachanika.

Basi tangu mwaka uliopita tuna daftari. Mgonjwa akirudishwa, hatuulizi tena karatasi yake imesema hatari kubwa au ndogo. Tunaandika jina lake la kwanza, bloku, jina la ndugu anayelala naye, na majina ya watu wawili watakaomtembelea: kesho yake, siku ya tatu, siku ya saba, kisha kila juma kwa miezi mitatu. Wawili, ili mmoja akiugua malaria mwingine aende. Kila mmoja anamwambia mgonjwa siku atakayorudi, na anarudi siku hiyo, hata kama hana cha kumpelekea. Anauliza swali lilelile kila mara, kwa neno lilelile. Daftari hukaa na mwandishi wa kamati ndani ya sanduku, halisomwi barazani.

Halijafanya miujiza. Mama wa binti mdogo yuko, anauza sombe. Wawili wamehama na hatujui walipo. Mmoja alitukataa mara nne, mara ya tano akatukaribisha chai bila sukari akalalamika juu ya wajumbe wa kamati kwa saa nzima, nasi tuliyapokea kwa furaha.

Upungufu wetu ni watu. Zamu ya Jumanne ina mtu mmoja tu anayejua Kilendu, na zamu ya Ijumaa haina mwanamke. Wenyeji wa Bwera wenye jamaa waliotoka hospitali nao wametuomba tuwaonyeshe daftari linavyoandikwa. Tutabaki nao chini ya mwembe baada ya chakula. Basi letu linaondoka saa kumi. Anayetaka kuandikwa kwa Jumanne au Ijumaa amwone mwandishi kabla ya hapo.